Maswali ya Wasomaji: Kamera Ndogo na Picha Zenye Kasoro

Picha za mchana nje ni safi, lakini za usiku sebuleni na ukumbini zote zina ukungu. Flashi nimeizima kwa sababu inachoma nyuso. Je, lenzi imeharibika?
*Msomaji, Morogoro*

Lenzi ingekuwa mbovu, hata picha za mchana zingeharibika. Usiipeleke kwa fundi bado. Fungua picha moja kwenye kamera, uikuze kwa kitufe cha zumu, kisha utafute kitu ambacho hakisogei: mguu wa kiti, fremu ya dirisha, saa ya ukutani.

Mguu wa kiti ukionekana na pacha wake pembeni, na nyuso nazo zimevutika upande uleule, mkono ulitikisika. Kiti kikiwa kimekaa vizuri ila mtu amevutika, aliyesogea ni yeye. Ukiona pazia la nyuma limetoka safi huku mtu aliyesimama mbele ametulia lakini hasomeki, fokasi ilishika pazia. Na kama kila kitu ni laini sawasawa, taa nazo zimezungukwa na ukungu mweupe, basi ni mafuta ya kidole kwenye kioo cha lenzi. Kifute kwa kitambaa laini cha miwani, si kwa ncha ya shati.

Kwa maelezo yako, tunashuku mkono. Sebule yenye taa ya kawaida usiku huilazimisha kamera kuacha shata (pazia la ndani linaloingiza mwanga) wazi kwa 1/8 au 1/15 ya sekunde, na hakuna mkono unaotulia muda huo kwa uhakika. Bila zumu unahitaji angalau kasi ya 1/30. Ukivuta zumu mara tano, karibu 1/125. Tena zumu yenyewe inakunyima mwanga: kwenye kamera nyingi za mfukoni, lenzi ikivutwa hadi mwisho hupitisha karibu robo tu ya mwanga inaopitisha ikiwa haijavutwa. Kwa hiyo usivute zumu ndani ya nyumba. Sogea kwa miguu.

Pandisha ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, hadi 400 au 800. Ukifika 1600 utaona chenga, kwa sababu sensa (kipande kinachonasa picha) ya kamera hizi ni ndogo, kwa kawaida ina upana wa milimita 6 hivi na kimo kisichofika 5. Hata hivyo, picha yenye chenga inasomeka, iliyotikisika haisomeki. Bana viwiko mbavuni, bonyeza kitufe nusu, subiri kiboksi cha kijani, halafu malizia kubonyeza taratibu. Kama wanaopigwa wametulia, weka kamera mezani na utumie taima ya sekunde 2, usiiguse kabisa. Kizuia mtikisiko, kama kamera yako inacho, husaidia mkono wako tu. Mtoto anayekimbia hakimsaidii.

Na flashi usiitupe moja kwa moja. Inachoma nyuso ukiwa chini ya mita moja. Simama mita 1.5 hadi 3. Kumbuka kwamba umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga wa flashi hubaki robo, ndiyo maana mstari wa mbele hung'aa na wa nyuma hubaki gizani. Wapange watu wote kwa umbali unaokaribiana.

Siku ya Idi nilimpiga baba akiwa na kanzu nyeupe, mgongo ukielekea jua. Uso umekuwa mweusi tii, na kanzu yenyewe ni ya kijivu. Nilitumia modi ya otomatiki.
*Msomaji, Zanzibar*

Kamera haijui kwamba ile ni kanzu. Inapima mwanga wa picha nzima na kuuvuta uwe wa wastani, kama rangi ya kijivu. Ikikutana na weupe mwingi, tena na jua nyuma, inaona mwanga umezidi na kupunguza. Kanzu inashuka kuwa kijivu. Uso, uliokuwa kivulini tangu mwanzo, unazama.

Njia iliyo bora ni kuwasha flashi mchana. Bonyeza alama ya umeme hadi ile herufi A iondoke, ili flashi iwake kila unapopiga, kisha simama kama mita 2 kutoka kwake. Uso unapata mwanga bila kuathiri anga la nyuma. Kama hutaki flashi, toka otomatiki uende modi ya P, tafuta alama ya +/-, ya kuongeza au kupunguza mwanga, na uongeze +0.7 au +1. Angalia kanzu kwenye skrini: mikunjo na darizi za shingoni zikipotea, umezidisha, rudi hatua moja. Anga huenda likawa jeupe kabisa, lakini uso wa mzee ndio uliokusudiwa.

Akina mama wenye mabuibui hupata kinyume chake. Weusi ukijaa picha, kamera huongeza mwanga. Buibui linakuwa la kijivu na uso unapauka. Hapo punguza, -0.7 kwa kuanzia.

Picha za usiku uani zina duara nyeupe zinazoelea hewani. Nyumbani wanasema si vitu vya kawaida.
*Msomaji, Tanga*

Ni vumbi. Kwenye kamera ndogo flashi imekaa sentimita chache tu kutoka kwenye lenzi, hivyo chembe iliyo mbele kabisa inamulikwa vikali na kuurudisha mwanga moja kwa moja. Kwa kuwa iko karibu mno haiingii kwenye fokasi, inatanuka kuwa duara. Manyunyu ya mvua hufanya vivyo hivyo. Wahakikishie nyumbani: kung'uteni kitambaa chenye vumbi gizani mbele ya kamera, pigeni na flashi, kisha rudieni flashi ikiwa imezimwa. Duara zitaonekana mara ya kwanza tu.

Nikitoka chumba chenye kiyoyozi, picha kumi za kwanza zina ukungu, baadaye zinakuwa sawa.
*Msomaji, Mombasa*

Hewa ya pwani ina unyevu. Ikigusa kioo kilichopoa, hugeuka matone madogo. Kabla ya kutoka, ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki usioingiza hewa na uiache humo dakika 20 hadi 30 nje, ipate joto polepole. Matone yatajikusanya nje ya mfuko, si kwenye lenzi. Usifungue na kufunga lenzi ikiwa na ukungu, maana unavuta unyevu ndani.

Nilinunua kadi ya GB 64 kwa bei nafuu. Picha za mwanzo ni nzima, za baadaye nusu yake ni ya kijivu au hazifunguki.
*Msomaji, Nairobi*

Mpangilio huo, za mwanzo nzima na za mwisho mbovu, ni dalili kubwa ya kadi bandia. Ndani huenda kuna GB 8 tu, lakini imechezewa ijitangaze kuwa ni 64. Ukipita GB 8, kamera inaendelea kuandika na kadi inaendelea kukubali, huku picha hazina pa kukaa.

Acha kuitumia sasa hivi. Hamisha zilizo nzima kwenye kompyuta. Kisha endesha programu ya bure ya H2testw kwenye Windows: inaijaza kadi yote, inasoma tena ilichoandika, na kukuambia ni kiasi gani kilirudi salama. Tenga muda, kwa kadi kubwa huchukua saa kadhaa. Ikigundua kasoro, irudishe dukani pamoja na matokeo hayo. Kuifomati hakuitibu.

Picha zilizopita uwezo halisi wa kadi hazirudi, tunasikitika kusema. Programu kama PhotoRec huokoa picha zilizofutwa kwa bahati mbaya kwenye kadi isiyo na hitilafu. Haiwezi kuokoa kile ambacho hakikuandikwa popote.