Katuni za zamani za kutazama na watoto nyumbani

Dada yangu wa Wete, umeuliza ni katuni zipi za zamani unazoweza kutazama baada ya Isha pamoja na wanao, mmoja wa miaka 5 na mwengine wa miaka 9, bila ya mdogo kuogopa. Mimi ningeanza na My Neighbor Totoro, aliyoitengeneza Hayao Miyazaki huko Japani mwaka 1988, kwa sababu haina adui wala mapigano. Ni ndugu wawili wa kike waliohamia shamba na baba yao, ilhali mama yao amelazwa hospitali. Pale kituo cha basi, mvua ikinyesha, Totoro, dude kubwa la msituni, linapewa mwavuli, na matone yanapoupiga linafurahi mno hata likaruka kwa kishindo, maji yote ya mitini yakamwagika kwa pamoja. Wanangu huniomba nikirejeshe kipande hicho kila mara.

Dumbo ya mwaka 1941 ni fupi, dakika 64 tu, lakini mama tembo aliyefungiwa anapombembeleza mwanawe kwa mkonga kupitia nondo, mpakate mdogo. The Lion King ya mwaka 1994 iache kwanza mpaka mdogo akue, maana kifo cha Mufasa, baba wa yule mtoto wa simba, ni kizito.