Fundi Ajibu: Kompyuta ya Gari Imekufa Kweli, ama Ni Waya?

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi ni dereva wa teksi huku Bamburi, gari ni Toyota Fielder ya 1.5 na ndo inanilisha mimi na watoto. Sasa ni miezi miwili inamisi, asubuhi yatoka vizuri kabisa lakini jioni nikiingia ile foleni ya daraja la Nyali inaanza kutetemeka, taa ya injini inawaka, nguvu zinaisha, na juzi ilinizimikia pale pale darajani abiria akashuka akachukua tuktuk. Fundi wa kwanza alipiga mashine ikatoa namba ya hitilafu P0352, akabadilisha koili (ile inayoipa plagi umeme wa cheche) ya silinda ya pili, baada ya siku tatu mambo yakarudi yale yale. Wa pili akaweka koili nyingine na plagi zote nne. Wa tatu anasema koili hazina makosa, kompyuta ya injini ndo imekufa, na anayo moja ya mtumba kutoka Japani ataniuzia elfu 22 na kufunga elfu 3. Hizo pesa nimeweka za karo. Ninunue ama nisinunue? Dereva, Bamburi.

JIBU: Marahaba ndugu yangu, na pole sana, najua gari ya kazi ikilala siku moja nyumbani kunajulikana. Usinunue bado. Sisemi huyo fundi ni mwongo, pengine yuko sawa, lakini kwa hayo uliyoniandikia sijaona mahali mtu ametoa mita akapima waya hata mmoja, na pesa ya karo haitolewi kwa kubahatisha.

P0352 haisemi koili imekufa wala haisemi kompyuta imekufa. Inasema hivi: kompyuta ina shida na saketi ya koili ya pili, kwa gari yako kawaida ni kwamba imetuma amri na jibu halikurudi. Koili ya Fielder ina waya nne, mmoja wa moto kutoka kwa swichi, mmoja wa eathi, mmoja wa amri kutoka kwa kompyuta na mmoja wa kurudisha jibu. Ule wa jibu koili zote nne zinakutana kwa waya mmoja kabla ya kufika kwa kompyuta, kwa hivyo ungekuwa umekatika kule mbele silinda zote zingelalamika, si ya pili peke yake. Yako ni moja tu, kwa hivyo mimi macho yangu yangeenda kwanza kwa konekta ya koili ya pili na ule waya wa amri.

Mwaka jana niliingiziwa gari kutoka Mtwapa na shida hii hii, na kompyuta ilishabadilishwa tayari, mwenyewe amechoka anataka kuiuza gari. Nikashika ule waya wa amri karibu na konekta, kwa macho ni mzima, ganda liko sawa, lakini ukiukunja unalegea kama uzi wa kushonea. Nikachana ganda kwa wembe, ndani shaba yote imekuwa unga wa kijani, imebaki nyuzi mbili tatu ndo zinashikilia. Na juu yake kidogo kulikuwa na kitundu cha sindano. Kuna fundi zamani aliudunga na taa ya kupimia akauacha hivyo wazi, na sisi hapa tunaishi na hewa ya bahari mchana na usiku, chumvi na unyevu vikaingia kwa kile kitundu vikala shaba polepole mpaka ndani. Nilikata hicho kipande, nikaunga waya mpya hata futi moja haukufika, nikatia lehemu na mpira wa kubana kwa moto, na ile kompyuta yake ya kwanza tukairudisha inafanya kazi mpaka leo. Kwa hivyo tafadhali ukiona fundi anadunga waya zako, mwambie apimie kwa nyuma ya konekta, na kama lazima adunge basi azibe.

Sasa wewe fanya hivi. Koili ya silinda ya pili hamisha weka ya tatu, na ya tatu weka ya pili, futa ile namba ya hitilafu kwa mashine, endesha. Ikitoa P0353, yaani shida imehamia ya tatu, basi hata hiyo koili mpya ni mbovu, na koili feki zimejaa madukani. Ikibaki P0352, shida iko kwa waya, konekta ama kompyuta. Na kupima usipime asubuhi gari ikiwa baridi, yako inasumbua ikipata joto la foleni, ipime ikiwa na joto hilo hilo. Injini ikiwa inanguruma fundi atikise ule mkanda wa waya pole pole kuanzia koili kwenda nyuma, ikishtuka mahali fulani umeshapata. Halafu azime, atoe betri, apime waya wa amri kutoka konekta mpaka pini ya kompyuta, usizidi ohmu moja hivi, na usiwe umegusa eathi popote.

Eathi pia. Weka mita kwa volti, waya mmoja kwa hasi ya betri na mwingine kwa chuma cha injini, mtu apige stata, ikipanda nusu volti ama zaidi ile kebo ya eathi ina kutu, isafishe ama badilisha. Chaji ya betri injini ikiwa imewaka iwe kama 13.5 mpaka 14.5, ukikuta 15 na kitu jua jenereta inazidisha na hiyo ndo inaua kompyuta, ukifunga mpya bila kurekebisha hapo umeunguza pesa.

Vyote vikiwa sawa, haya, kompyuta nazo hufa kweli. Agosti 2010 Toyota wenyewe waliita karibu gari milioni 1.13 za Corolla na Matrix za 2005 mpaka 2008 kule Marekani na Canada, sababu bodi ya kompyuta ilikuwa inaweza kupasuka kwa sehemu za lehemu, gari inazima barabarani. Si gari yako hiyo, lakini ujue ufa wa lehemu ni kitu cha kweli, na mara nyingi unaonekana zaidi kukiwa na joto. Tena ufa kama huo fundi wa elektroniki anaweza kuupigia lehemu upya kwa pesa kidogo sana kuliko elfu 22, mpelekee aiangalie kwanza.

Ukifika pa kununua, toa yako usome karatasi iliyobandikwa, Toyota huanza na 89661 halafu zinafuata nyingine tano, zote zifanane, si karibu zifanane. Ya gia ya manyueli haiendi kwa otomatiki. Angalia kama ufunguo wako una chipu, gari nyingi za Japani hazina, lakini kama unayo basi kompyuta ya gari nyingine haitaujua ufunguo wako, itawaka sekunde moja inazima. Hapo ama ununue na ufunguo wake, ama fundi ahamishe kumbukumbu kutoka ile chipu ndogo ya miguu 8 iliyo kwa bodi yako. Ndo maana usikubali fundi abaki na kompyuta yako ya zamani. Na wauzaji wetu wana neno, vitu vya umeme havirudishwi, sasa elewaneni mbele ya shahidi ikae kwa gari siku mbili tatu za foleni, ndo umalize kulipa.

SWALI: Fundi, mume wangu alipeleka gari kuchomelewa silensa huku Likoni, wakachomelea bila kutoa betri, toka hapo haiwaki kabisa. Wanasema ni kompyuta. Ni kweli? Mama wa Likoni.

JIBU: Yawezekana mamangu, lakini anzeni na fyuzi zote na relei ya kompyuta, mara nyingi ndo zinaenda kwanza. Washa swichi bila kupiga stata, kama taa ya injini haionekani kwa dashibodi, kompyuta haipati moto ama eathi, na hiyo si lazima iwe imekufa. Taa ikiwaka lakini mashine ya kupimia haiongei nayo, chomoa sensa moja moja, kuna ile volti 5 ambayo kompyuta inazipa sensa, sensa moja ikishoti inaangusha zote na kompyuta yaonekana maiti. Na siku nyingine wakichoma, watoe betri, chanya na hasi, na kibanio cha eathi cha welda kikae karibu kabisa na pale wanapochoma.