Barua kwa Mwanangu: Tiba Zisizo za Dawa na Ubongo wa Bibi

Mwanangu Mwanaidi,

Waalaikum salaam. Umeniuliza kama nyimbo, kusuka ukili wa mkeka na kumtembeza bibi yako asubuhi kunafanya lolote ndani ya ubongo wake, au mnamshughulisha tu ili siku ipite. Kunafanya kazi, lakini si ile wanayoitangaza wauza virutubisho. Seli za neva zilizokufa hazirudi. Tiba hizi hutumia sehemu ambazo ugonjwa haujazifikia, na ukizijua hutamchosha kwa kudai kutoka zile zilizokwisha haribika.

Bibi ana Alzheimer, ugonjwa unaoharibu ubongo na kumbukumbu polepole. Kwa kawaida ugonjwa huu huanzia kwenye hipokampasi na gamba la ubongo lililo jirani nayo, huko ndani usawa wa masikio. Hapo ndipo jambo jipya linapoandikwa. Ndiyo maana anakuuliza tena na tena kama umekula: jibu lako analielewa, ila halikuandikwa popote. Kazi za mikono zilizorudiwa miaka mingi hutunzwa kwingine, katika viini vya kina vya ubongo na katika ubongo mdogo ulio kisogoni, ambako ugonjwa huchelewa kufika. Kwa hiyo anaweza asijue leo ni siku gani, huku vidole vyake vinasuka ukili vizuri kabisa. Mpe miyaa, yale majani ya kusukia, iliyokwisha kuchanwa, na ukili ulioanzwa tayari. Kupanga hatua na kuanzisha jambo ni kazi ya sehemu ya mbele ya ubongo, nayo imedhoofika. Watu humwekea mgonjwa vifaa vyote mbele yake wakamwambia "haya, suka", akiduwaa wanasema hawezi tena. Alichoshindwa ni kuanza.

Kati ya tiba hizi, iliyopimwa vizuri zaidi ni ya kuchangamsha akili katika kikundi. Mwaka 2003 Aimee Spector na wenzake wa Uingereza walichapisha matokeo ya utafiti wa watu 201: vikao 14, viwili kwa wiki, dakika 45 kila kimoja. Uwezo wa kufikiri uliboreka kwa kiasi kinachokaribiana na kile cha dawa za Alzheimer. Baadaye tiba hiyo ilirekebishwa iwafae wazee wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wakiwemo wasiojua kusoma, na huko pia ilisaidia.

Msingi wake ni kuuliza maoni, si kupima kumbukumbu. "Jana ulikula nini?" ni swali la hipokampasi, na hipokampasi yake haina jibu. "Kwa mchuzi wa nazi, changu na nguru, bora yupi?" linagusa lugha, ladha na maisha ya zamani, mambo yaliyotawanyika sehemu nyingi za ubongo na kwa hiyo hayapotei yote kwa mara moja. Pale nyumbani waite majirani wazee watatu au wanne wakae barazani, mada moja kwa kikao: vyakula, sauti za mjini, michezo ya utotoni, fedha, methali unazoanza wewe nao wakamalizia. Weka vitu vya kushika na kunusa, karafuu, khanga kuukuu, noti za zamani. Anzeni kila siku kwa wimbo uleule. Mkishamaliza vikao vile 14, endeleeni angalau mara moja kwa wiki, maana faida hupungua mkiacha.

Sasa lile linaloniumiza zaidi. Kila mgeni akiingia humuuliza: "Bibi, unanijua? Mimi nani?" Wakatazeni, kwa upole lakini mkatae kabisa. Akibahatisha jina lisilo lake, kosa lile linaweza kujikita: sehemu inayojifunza kwa kurudiarudia imelipokea, na ile ambayo ingekumbuka kwamba alisahihishwa haifanyi kazi tena. Mgeni aje kwa mbele, si kwa ubavuni, aseme: "Shikamoo bibi, mimi Mwanaidi, mjukuu wako."

Hata kama atamsahau mgeni, hisia inabaki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa walionyesha mwaka 2014 kwamba wagonjwa wa Alzheimer waliotazama filamu za kuhuzunisha waliendelea kuwa na huzuni baada ya filamu zenyewe kupotea kichwani. Ukimfokea asubuhi, mchana hatakumbuka maneno yako, ila anaweza kukataa kuoga na usijue kwa nini.

Kitu kidogo cha lazima anaweza kujifunza bado, kimoja kwa wakati. Tuseme choo. Mwambie: "Choo kiko kwenye mlango wa bluu." Muulize papo hapo: "Choo kiko wapi?" Akijibu, subiri sekunde 15, kisha 30, kisha dakika 1, 2, 4, 8, katikati mkizungumza mengine. Akikosea au akisita, usimwache abahatishe: mpe jibu, alirudie, halafu rudi kwenye muda wa mwisho aliofaulu. Mwishowe mpeleke hadi mlangoni, aushike. Wengi hushindwa kwa sababu wanaruka kutoka dakika moja hadi nusu saa.

Muziki: mwaka 2015 watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walikuta kwamba sehemu za ubongo zinazohusika na nyimbo tulizozizoea tangu zamani huharibika kidogo kuliko nyingine katika Alzheimer. Chagua kasida na taarabu za ujana wake, za miaka yake 10 hadi 30. Mwekee muda mfupi kabla ya kuoga, kisha zima. Redio inayolia kutwa humnyima utulivu wa kusikiliza, na wimbo mmoja unaweza kumwamshia msiba. Akianza kulia, kaa naye, badilisha.

Kuhusu kutembea nitakuambia ukweli. Kuna utafiti wa mwaka 2011 wa wazee 120 wasio na demensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na akili kunakoletwa na magonjwa kama Alzheimer: waliotembea dakika 40, siku tatu kwa wiki, kwa mwaka mzima, hipokampasi zao zilikua kwa asilimia 2 hivi. Lakini Uingereza walipowapa mazoezi mazito watu 494 wenye demensia, matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha miili ikipata nguvu na akili ikiendelea kushuka. Basi mtembeze kwa ajili ya miguu, usingizi na kupata choo vizuri. Umtoe nje saa mbili hadi saa nne asubuhi, kwa sababu mwanga ndio unaorekebisha saa ya ndani ya ubongo, na hata kivulini nje ni mwangavu mara nyingi kuliko sebuleni. Uholanzi, nyumba za wazee zilipowekewa taa kali za mchana, dalili za huzuni za wakazi zilipungua kwa asilimia 19. Mashine za taa za kumetameta mara 40 kwa sekunde, zinazonadiwa kwa ugonjwa huu, usizinunue. Zilianza kujaribiwa kwa panya mwaka 2016, na kwa binadamu bado zinachunguzwa.

Kabla ya yote hayo, masikio yake yakaguliwe nta na miwani ifutwe. Asiyesikia vizuri huonekana amesahau.

Na akibadilika ghafla, ndani ya siku moja au mbili, akawa mzito wa usingizi, anaona watu wasiokuwepo, au anahangaika kuliko kawaida, hiyo si demensia inayoendelea. Acha mazoezi, mpeleke hospitali apimwe malaria, mkojo, sukari na kifua, na uwatajie dawa zote anazokunywa, pamoja na za mafua na za usingizi.

Mama yako