Bata mzinga hakuna, sato yupo

SWALI: Anti shikamoo, wifi yangu Mmarekani yuko kwetu Nyegezi anataka tule Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani, bata mzinga wa siku hiyo nimetafuta mpaka nimechoka, nifanyeje? Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo ni Alhamisi ya nne ya Novemba, ni kula na ndugu tu, usijitese, wahi soko la samaki la Mwaloni asubuhi chukua sato mkubwa, mchanje mbavuni, mpake limao, tangawizi na kitunguu saumu, mchome mzima taratibu mpaka ngozi ikauke, akija mezani na kichwa chake nani ataulizia bata? Aking'ang'ania ndege basi jogoo wa kienyeji, ila mchemshe kwanza, wale wagumu jamani. Viazi vitamu hata kwao wanaweka. Kiporo kisizidi masaa 2 nje, friji, kesho chambua minofu urosti na nyanya, ugali wa muhogo pembeni. Miiba toa yote, wifi mgeni huyo.