Bakteria wa Mafuta Hawauzwi Dukani

*Wadudu wanaokula mafuta wanauzwa wapi? Oili ya boti imemwagika ufukweni kwetu. (Sahare, Tanga)*

Naulizwa hili kwa mara ya tatu tangu Ramadhani iishe. Usinunue. Wamo tayari kwenye tope la hapo hapo Sahare. Wanachokosa ni hewa, naitrojeni na fosforasi. Meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska mwaka 1989, fukwe zilinyunyiziwa mbolea ili bakteria wa palepale wapate nguvu. Anayekuuzia chupa muulize jina la bakteria wake. Akibabaika, hela yako irudishe mfukoni.

*Nikimwaga sabuni ya unga mafuta yanatoweka. Kuna ubaya?*

Upo. Hayajatoweka, yamechanganyika na maji na kuwafuata kaa na samaki.

*Mimi mwanafunzi. Kwenye tope la bahari za baridi bakteria hawagandi?*

Hatimaye swali! Chukua chupa ya mafuta ya nazi hapa Tanga, panda nayo Lushoto mwezi wa saba: yataganda. Ya alizeti hayagandi. Utando unaofunika mwili wa bakteria wa baridi una mafuta ya tabia hiyo ya alizeti, hivyo hubaki laini. Oleispira antarctica, bakteria mla mafuta wa Antaktika, hustawi kwenye nyuzi chache tu juu ya sifuri. Ila hamalizi kazi peke yake, maana mafuta ghafi ni mchanganyiko wa vitu maelfu. Mafuta yalipomwagika Ghuba ya Meksiko mwaka 2010, kwenye kina chenye maji ya nyuzi 5 hivi, kundi la bakteria la Oceanospirillales lilitangulia, wakafuata Colwellia na Cycloclasticus, fundi wa haidrokaboni (viambato vya mafuta) ngumu zenye umbo la pete. Hata jeni ya alkB, inayoanza kuishambulia minyororo ya mafuta, ina matoleo mengi. Ukihesabu bakteria bila kusoma jeni zao, umehesabu vichwa tu.

*Bomba la Hoima likivuja Chongoleani, bakteria si watasafisha?*

Thubutu! Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, ndiyo maana bomba limebuniwa la kupashwa moto. Yakipoa huganda kama mshumaa, na bakteria hula pale tu yanapogusana na maji. Halafu ingiza kidole kwenye tope la mikoko maji yakipwa: chini kidogo ni jeusi, lanuka mayai viza. Hapo hakuna hewa, kazi inakwenda kwa kusuasua. Alaska, zaidi ya miaka 20 baadaye, mafuta yalikutwa bado chini ya changarawe. Maboya ya kuzuia mafuta yakae ufukweni mapema, yasiishie kwenye makaratasi. Na ninyi wa boti, oili chafu itieni kwenye dumu.