Diski pacha si bakapu, wadogo zangu

Juzi nimemkuta kijana wetu mpya anachomoa diski moja ya RAID 1 (diski mbili pacha zinazoandikwa kitu kilekile) kwenye seva iliyo kazini. Eti akaiweke kabatini, ndiyo bakapu ya mwezi. Haya, kaeni hapa.

1. Pacha ananakili kila kitu, hata upuuzi wako. Ukipiga rm (amri ya kufuta) pasipotakiwa, diski zote mbili zinatii papo hapo.

2. Kuchomoa pacha. Msinione nafoka, nami nilichomoa. Ile niliyoweka kabatini ndiyo pekee iliyokuwa na GRUB, programu ya kuwashia mfumo, sikujua. Umeme ukakatika, UPS ikaishiwa, seva ikagoma kuwaka. Nikachomeka ya kabatini peke yake: ikawaka! Nikapongezwa. Kisha nikairudishia mwenzake, ile iliyobaki kwenye seva; mdadm, programu inayosimamia RAID, ikaikataa: hii inajitambulisha kama mwanachama hai, ukitaka iwe ya akiba futa superblock yake (alama ya uanachama) kwanza. Mwenye akili angejiuliza kwa nini programu inabishana naye. Mimi nikapiga --zero-superblock, nikaiongeza, nikanywa chai nikitazama asilimia zinapanda kwenye /proc/mdstat, faili linaloonyesha hali ya RAID. Kumbe data ya zamani ya kabatini ilikuwa inaifuta mpya ya mwenzake, na mashine ikifanya nilichoiamuru. Mhasibu ndiye aliyeuliza ankara za wiki ile zimekwenda wapi. Tuliziingiza upya kutoka kwenye makaratasi, yeye akinisomea namba mojamoja, bila kunitazama.

3. Njia yenyewe: snapshot (picha ya data ilivyo dakika ile) ya LVM, mfumo wa Linux wa kugawa diski, uipandishe (mount) kwa kusoma tu, kisha rsync -aHAX, amri ya kunakili faili, kwenda mashine nyingine. Iachie nafasi, maana snapshot ya kawaida ikijaa inakufa, ukimaliza iondoe. Hifadhidata itolewe kivyake: mysqldump --single-transaction, kama majedwali ya MySQL ni ya InnoDB, aina inayojua miamala. Ya MyISAM, isiyoijua? Pole. Na dd (kunakili diski nzima ghafi) juu ya mfumo wa faili unaoandikwa, nisikuone.

4. grub-install kwenye diski zote mbili. Kwa UEFI (mfumo wa kuwashia wa kompyuta za kisasa), ile sehemu ya kuwashia mara nyingi haimo kwenye pacha, inakili mwenyewe.

5. Rejesha bakapu kwenye mashine ya pembeni uone kama inawaka. Leo, si siku ya msiba.

6. Ukikuta kwenye /proc/mdstat [U_] (diski moja imetoka) badala ya [UU] (zote mbili zipo), usikimbilie kubadilisha diski. Toa bakapu kwanza: kusawazisha kunaisoma iliyobaki mwanzo hadi mwisho, na hapo ndipo nayo hupenda kufa.