Re: Magma na lava, na kwa nini ya kwetu inakimbia?

Mama Furaha, hilo la mtoto wako kuhusu magma na lava ni jepesi: mwamba ulioyeyuka ukiwa bado chini ya ardhi ni magma, ukishatoka nje ni lava. Basi.

Hilo la pili, kwa nini ya hapa Goma inakimbia, ndilo tamu. Lava ya Nyiragongo, volkano yetu, ina silika (kemikali ya kwenye mawe inayoifanya lava iwe nzito kama ugali) kidogo mno, kwa hiyo si nzito. Inateremka kama uji mwepesi. Mwaka 1977 kasi yake ilikadiriwa kufika kilomita 60 kwa saa. Tena haikufurika kutoka kileleni, ilipasua ubavu wa mlima, sawa na 2002 na 2021. Mtoto akague mawe ya lava ya ukuta wenu: vile vitundu viliachwa na gesi lava ilipokuwa ikipoa.